Dada, Usivitupe Vile Vitabu vya Wauaji

Najua nimekuwa kimya mno, mpaka wapo waliouliza kama nimehama mji. Sijahama. Ni maboksi tu na baridi. Leo nimejilazimisha kukaa kuandika kwa sababu kuna kesi imefunguliwa dhidi yangu katika ukoo, hukumu inakaribia kutolewa, na mshtakiwa bado hajasikilizwa.

Kesi yenyewe ni hivi. Kuna ndugu alikuwa anakuja likizo, nikampa kifurushi ampelekee mpwa wangu hapo Tanga. Vitabu vitatu vya hadithi, vya Kiingereza, na vyote vinahusu wauaji. Binti ana miaka 15 na ni msomaji wa kutupwa (anasoma hata gazeti lililofungiwa maandazi). Hazikupita wiki mbili nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa dada, dakika saba nzima, na mnamjua dada akishaanza kukuita kwa majina yako yote matatu. Kwamba mimi namfundisha mtoto kuua. Vitabu vyote vimefungiwa juu ya kabati. Mama ameambiwa, baba mkubwa ameambiwa, na nasikia hata shangazi wa Pangani anayo habari.

Shikamoo dada. Najua unasoma hapa.

Nianze kwa kukiri kosa. Kati ya vile vitatu, kimoja nilikituma bila kukisoma. Nevernight cha Jay Kristoff, kilichotoka 2016, nilikinunua kwa pauni moja kwenye duka la mitumba, nikaona shujaa wake ni msichana wa miaka 16 aliyepelekwa kwenye shule ya wauaji, nikajua ni cha vijana. Si cha vijana. Damu humo inamwagika kwa ndoo, na mambo ya chumbani yameandikwa bila pazia. Bahati mbaya ndicho ulichokifungua kwanza. Hicho una haki nacho kabisa, kibaki hukohuko kabatini, nikija nitakichukua mwenyewe.

Viwili vilivyobaki navitetea.

Tuanze na neno. Hawa wauaji wanaozungumzwa si majambazi. Ni watu waliofunzwa kuua kwa siri kwa amri ya mtu mwingine, mfalme au mkubwa wa chama fulani. Waingereza wana neno moja kwa mtu huyo. Kwa Kiswahili wengine husema muuaji wa kukodiwa, lakini katika riwaya hizi wengi hawakodiwi, hawalipwi hata senti. Mimi naona afadhali kusema muuaji wa kutumwa, maana hadithi yote imelala kwenye kule kutumwa.

Na hapo ndipo naona vitabu hivi vinatuhusu kuliko anavyodhani dada. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mtoto mzuri ni yule akitumwa anakwenda. Tulitumwa dukani, tukatumwa kwa jirani, tukatumwa usiku kumwita mtu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ni malezi mazuri, siyakatai. Ila hakuna siku tuliyofundishwa afanye nini mtoto aliyetumwa na mkubwa wake jambo lisilofaa. Nazungumza kama mtu aliyekulia nyumba hiyohiyo, dada, kwa hiyo usiniambie tulifundishwa.

Graceling ni cha Kristin Cashore, Mmarekani, kilitoka 2008. Katika nchi zake za kubuni wapo watu wachache wanaozaliwa na karama, na unawatambua kwa macho yenye rangi mbili tofauti. Mmoja karama yake ni kupika, mwingine kuogelea. Ya Katsa ni kuua. Alikuwa na miaka 8 alipompiga mtu mzima wa ukoo wake aliyetaka kumshikashika, na yule mtu akafa palepale. Mfalme wa nchi, Randa, ni mjomba wake (mjomba! hapo nilicheka peke yangu kwenye basi, watu wakanitazama). Alipoona kilichotokea hakumhurumia yule mtoto, alimgeuza fimbo yake. Mtu akimuudhi mfalme, Katsa anatumwa akamvunje mkono. Mpaka siku anatumwa kwa mzee mmoja ambaye kosa lake ni kukataa kumwoza binti yake mahali mfalme anapotaka. Anakataa. Anarudi kusimama mbele ya mjomba wake na walinzi wake wote, ana uwezo wa kuwamaliza wote mle ukumbini, na anatoka bila kumwua hata mmoja. Dada, hiyo ndiyo sehemu kali kuliko zote katika kitabu ulichokifungia kabatini: muuaji anatoka chumbani na watu wote wako hai.

(Humo pia yumo mfalme mwingine ambaye akisema uongo kila anayesikia anaamini, na anayesimuliwa na aliyesikia naye anaamini. Someni wenyewe mniambie kama hamjawahi kumsikia mtu wa namna hiyo kwenye mkutano wa hadhara!)

Raybearer kimeandikwa na Jordan Ifueko, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kikatoka 2020. Hiki ndicho nikipendacho zaidi. Tarisai analelewa katika nyumba iliyofichwa, hakuna anayemgusa, hakuna anayemkumbatia, na kitu pekee anachokitamani duniani ni mapenzi ya mama yake ambaye huja mara chache na kuondoka. Mama anamwandaa aende mji mkuu wa dola, ashindane na watoto wengine kuingia katika baraza la watu 11 wanaofungamana na mwana wa mfalme kwa maisha. Lakini mama ametumia uwezo wa kijini kumfunga mwanawe kwa amri: siku utakapompenda yule kijana kuliko kitu chochote, muue. Mtoto hawezi kuikataa amri kwa mdomo tu, imo mwilini mwake. Na yule kijana, Dayo, ni mtu mwema kweli, humchukii hata ukitaka. Nilikisoma kwa usiku mbili, asubuhi ya pili nikachelewa kazini na kukemewa, na sikujali.

Sasa dada anasema haya ni mambo ya kizungu. Hebu subiri kidogo. Bibi alitusimulia habari za Fumo Liyongo tukiwa wadogo kuliko binti yako. Nani alimwua Liyongo? Si mwanawe? Mtawala wa Pate alimkalisha yule kijana, akamsifu, akamwahidi kumwoza binti yake, kisha akamtuma. Kijana akaenda kumwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua, na baba akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Ukiusoma utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unaona wazi kwamba baba alishahisi mwanawe katumwa, na bado akamwambia. Kijana akamchoma amelala. Na yule mke aliyeahidiwa hakumpata. Hadithi ya kijana aliyegeuzwa silaha na mkubwa tunayo karne nyingi kabla Wamarekani hawajaanza kuandika zao, na sijamsikia mtu mmoja katika ukoo wetu aliyemchoma baba yake sindano kwa sababu ya kumsikiliza bibi.

Tofauti ni kwamba katika Liyongo tunalia na baba. Kijana hatumjui, hata jina hatuna haja nalo. Riwaya hizi zinakuweka ndani ya kichwa cha kijana mwenyewe, unajua alivyonunuliwa na kwa bei gani. Robin Hobb ndiye anayelieleza hili vizuri kuliko wote. Assassin's Apprentice kilitoka 1995, na kiliandikiwa watu wazima, ila mtoto wa miaka 15 au 16 anakiweza. Fitz ni mtoto wa nje wa mwana wa mfalme, analala zizini na mbwa. Mfalme mzee anamwona, anamchomeka kipini kidogo cha fedha chenye jiwe jekundu kwenye nguo yake, anamwahidi chakula, mavazi na elimu. Basi. Kwa kipini kile mtoto ni wake. Mwalimu anayemfundisha sumu usiku, mzee aliyejificha nyuma ya kuta za ngome, anampenda kwelikweli, na hilo ndilo linaloumiza. Kitabu kinakwenda polepole, anayetaka mapigano kila sura atakiacha njiani.

Kwa binti ambaye tayari amemaliza hivyo ningempa Grave Mercy cha Robin LaFevers (2012). Sehemu kubwa yake iko Brittany, Ufaransa ya leo, mwaka 1488 na kuendelea, wakati ambapo Brittany ilikuwa na mtawala wake, Anne, aliyerithi kiti akiwa na miaka 11 tu. Huyo ni mtu wa kweli, na kila mwanamume mwenye jeshi alitaka kumwoa ili apate nchi. Mwaka 1491, akiwa na miaka 14, akaolewa na mfalme wa Ufaransa. Ndani ya historia hiyo mwandishi amepanda nyumba ya watawa wanaomtumikia Mauti. Ismae, msichana wa kijijini, anaozwa kwa nguvu kwa mfuga nguruwe, anatoroka, watawa wanampokea na kumfundisha kuua. Kwa muda mrefu anaamini kwamba nyumba iliyomwokoa haiwezi kumtuma vibaya. Uzito wa kitabu uko katika kugundua kwake kwamba aliyekuokoa naye anaweza kukosea. Hicho cha kwanza hakina neno. Cha pili, Dark Triumph, kina mambo mazito ya msichana kuumizwa na watu wa nyumbani kwake. Asubiri hadi awe mkubwa, au asome na mama yake karibu.

Kwa watu wetu wa Muscat na Zanzibar ambao Kiarabu hakiwapigi chenga, tafuteni We Hunt the Flame cha Hafsah Faizal (2019). Nchi yake ya kubuni imejengwa kwa mfano wa Uarabuni wa kale, na muuaji wake, Nasir, ni mtoto wa sultani anayeua kwa amri ya baba yake. Kisiwa cha hatari kinaitwa Sharr. Mzungu anafungua kamusi, sisi tunajua shari ni nini! Nakiri mwanzo wake ni mzito. Mwandishi anamwita Nasir hashashin, na ndiko neno la Kiingereza lilikotoka. Maadui waliwaita hivyo Waismailia wa Alamut, ngome ya milimani kaskazini mwa Iran ambayo Hassan-i Sabbah aliitwaa mwaka 1090 na Wamongoli wakaiteka mwaka 1256. Lilikuwa tusi, likasafiri mpaka Ulaya na hadithi zake za bangi zisizo na ushahidi. Kumbukeni Waismailia ni majirani zetu, wale wa Aga Khan. Kwa hiyo neno hili msilirushe ovyo.

Najua mtaniuliza kuhusu Throne of Glass cha Sarah J. Maas (2012), maana mabinti wote huku wanacho. Mimi hakikunishika. Tunaambiwa Celaena ni muuaji hatari kuliko wote, halafu kitabu kizima ni magauni, peremende na wanaume wawili wanaomtazama. Lakini kuna hadithi zilizotangulia, The Assassin's Blade (2014), na humo mlezi wake anamtuma kisiwani kufuata deni, anafika anakuta deni lenyewe ni watumwa karibu 200. Anawaachia. Aliporudi nyumbani mlezi alimpiga mpaka akazimia. Hiyo niliipenda. Vitabu vya mwishoni mwa mfululizo vimekuwa vya wakubwa, dada, nakuambia mapema safari hii.

Sasa jambo ambalo hukulisikia, na ndilo lililonikalisha hapa usiku huu. Siku tatu kabla hujavifungia vitabu, binti alikuwa amemaliza Graceling, akaniandikia: "Mjomba, mtu mzima akikutuma jambo baya, kukataa ni utovu wa adabu?" Nilimwuliza kama kuna kitu kimetokea. Akasema hapana, ni kitabu tu. Huenda ni kitabu tu. Lakini ana miaka 15, anapanda daladala, anakwenda tuisheni jioni, anakutana na watu wazima wengi ambao hatuwajui, na nimefurahi kwamba swali hilo limemjia akiwa kitandani kwake na riwaya mkononi, wala si mahali pengine. Sikumjibu kwa kirefu. Nilimwambia jibu la swali hilo akalichukue kwa mama yake. Kesho kutwa yake vitabu vikapanda kabatini, na nadhani akaona kwamba mlango umefungwa. Ujumbe wangu wa mwisho hajaujibu.

Kwa hiyo naomba hivi. Teremsha Raybearer, usome wewe kwanza. Sura tatu za mwanzo zinatosha kuamua. Ukiona hakifai, nitakubali, na sitatuma kingine bila ruhusa yako. Ukiona kinafaa mrudishie vyote viwili, Nevernight kibaki. Nipigie Jumapili saa tatu usiku ya kwenu, nitakuwa nimetoka kazini. Lakini kabla hujanipigia mimi, mwite binti. Ana swali lake, na anakusubiri wewe.