Mwiteni Kocha, Kisha Mwulizeni

Columbus, Ohio

Kwenu waandishi na watangazaji wa michezo nyumbani Tanzania,

Mimi ni msikilizaji wenu. Vipindi vyenu vya asubuhi hunikuta zamu ya usiku ghalani, simu mfukoni, kisikilizio sikioni. Siasa za Kariakoo, za Simba na Yanga, nazijua kuliko za jirani yangu. Kwa hiyo nichukulieni kama mtu wa nyumbani nikisema kwamba majina mnayowapa makocha na wachezaji yanawaharibia kazi yenu.

Huku Marekani waandishi wa michezo wana ubishi wa miaka mingi. Je, mwandishi amwite kocha kwa cheo, kama wachezaji wake wanavyomwita, au amwite kwa jina? Wapo wanaosema cheo ni adabu tu. Wengine hukataa katakata: huyu si kocha wangu, sijavaa jezi yake, mimi nimekuja kumwuliza. Ubishi huu una mzizi. Katika majimbo mengi ya hapa, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mnono kuliko wote ni kocha wa timu ya chuo kikuu. Mtu wa namna hiyo hakosi wa kumnyenyekea, kwa hiyo waandishi wanaogopa kuingia kwenye foleni hiyo. Wana pia sheria yao ya zamani: kwenye jukwaa la waandishi hakuna kushangilia.

Siwaambii mwige. Kwetu, kumwita mtu mzima jina lake kavukavu ni utovu wa adabu, na kijana wa redio akimwita hivyo mzee wa miaka 60, hata mamangu atazima redio. "Kocha" au "Mwalimu" inatosha na inapendeza. Heshima ni kitu cha bure.

Tatizo langu ni yale yanayozidi hapo. Kocha Nasreddine Nabi alipokuwa Yanga, mashabiki walimwita Profesa, na walikuwa na haki yao. Lakini jina likihamia kinywani mwa mwandishi, swali linakufa. Kumbukeni fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger pale Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, ikakosa kombe kwa mabao ya ugenini. Kombe lilipotelea nyumbani, na swali la maana lilikuwa moja: yale mabao mawili yalipitaje? Ukishamwita mtu Profesa, utamwulizaje kuhusu mtihani alioufeli?

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na sifa zetu hazina breki: kocha akifungwa mechi tatu, profesa wa jana anageuka "yule mzungu", na mchezaji aliyepokewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta anaitwa garasa. Mnaomwita hivyo leo ndio mliompamba jana, na mechi yenyewe hamjaichambua siku zote mbili.

Lakabu za wachezaji nazo ni mali ya jukwaa. Clatous Chama alikuwa Mwamba wa Lusaka kwa Wanasimba. Mwaka 2024 akavuka mtaa kwenda Yanga, na kila upande ukawa huru kumpa jina jipya au kumnyang'anya la zamani. Kwa mwandishi yeye ni Clatous Chama, kiungo kutoka Zambia, jezi yoyote aliyovaa. Vivyo hivyo mchezaji wa Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, anastahili jina lake na namba anayocheza. Nimewahi kusikia beki aliyetoka kucheza dakika 90 akikaribishwa kama "mrembo wetu", kisha akaulizwa ataolewa lini. Alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka.

Sasa sikilizeni swali la kawaida baada ya mechi: "Mwalimu, kwanza hongera, timu imecheza vizuri sana, unawaambia nini mashabiki wenu?" Hapo kocha ataambia mashabiki waje kwa wingi, na dakika zetu zimekwisha. Linganisheni na hili: "Mwalimu, dakika ya 70 ulimtoa kiungo mkabaji ukaingiza mshambuliaji, na bao la kusawazisha likapita katikati palepale. Ulitaka nini?" Maswali yote mawili yana "Mwalimu" ndani yake. La pili ndilo linalomheshimu zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba aliyeuliza aliitazama kazi yake.

Najua mnafanya kazi katika mazingira magumu. Msemaji wa klabu akinuna, mwandishi hapati mahojiano. Mashabiki wakikasirika, simu yake inajaa matusi. Ndiyo maana mazoea ya pamoja yana nguvu. Nyote mkimwita kila kocha Kocha, awe wa Simba, wa Yanga au wa timu inayoshuka daraja, hakuna atakayesema fulani ni wa upande ule.

Basi nawaomba: cheo kimoja, jina kamili, swali moja. Kisha nyamazeni mjibiwe. Pambio waachieni wenye ngoma jukwaani.

Wasalaam,
Msikilizaji wenu wa ughaibuni