Bei ya Picha na Heshima ya Mchoraji

Seremala akiulizwa bei ya meza huitaja bila ya kutahayari. Mchoraji wetu akiulizwa bei ya picha humtazama kwanza mnunuzi: ngozi yake, viatu vyake na gari alilojia. Ndipo hubuni kiasi, na baada ya kitambo kidogo hukubali robo yake. Hiyo si biashara, wala si sanaa; ni kuomba kwa brashi.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vibao. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972. Leo picha zake halisi zatafutwa na wakusanyaji wa ng'ambo kwa fedha nyingi, na faida ni ya wenye kuzimiliki. Tumeurithi ufundi wake. Pamoja nao tumeyarithi mazoea ya kumwachia mnunuzi apange bei.

Wako wanaodai kwamba kipaji ni zawadi ya Mungu, hakipimiki kwa shilingi. Maneno hayo ni matamu, hasa kinywani mwa mnunuzi. Kipaji hakipimiki, lakini jasho lapimika. Tuchukue mfano. Ubao na rangi vimegharimu shilingi 15,000. Kazi imechukua siku nne, na mchoraji amejikadiria ujira wa shilingi 30,000 kwa siku. Jumla ni shilingi 135,000, kabla ya kuhesabu miaka ya kujifunza. Mwenye duka akichukua theluthi, bei ya dukani haiwezi kupungua shilingi 202,500. Anayeiuza picha hiyo barabarani kwa shilingi 50,000 amefanya kazi kwa shilingi 8,750 kwa siku. Tofauti iliyobaki amemzawadia mnunuzi.

Hasara haiishii mfukoni. Anayepunjwa hivyo, kesho atachora picha nne kwa siku moja: tembo yule yule, mbuyu ule ule, jua lile lile. Hapo mnunuzi hapangi bei tu; anapanga na picha. Taifa litakalokubali hivyo litajikuta likitazamwa kwa macho ya wapita njia, na mwishowe litajitazama kwa macho hayo hayo.

Watasema: mwenye njaa hachagui bei. Kweli, akiwa peke yake. Ndiyo maana wachoraji wa Tingatinga waliunda ushirika wao mwaka 1990. Lakini ushirika wowote usiolinda bei ya chini ni kibanda cha kujikingia mvua tu. Na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina wajibu wa kuwafundisha wasanii hesabu kama linavyohimiza maonyesho.

Basi bei na ipangwe karakanani, iandikwe nyuma ya picha, na iwe moja kwa mgeni na kwa mwananchi. Mwananchi asiyeimudu achorewe ndogo, au alipe kidogo kidogo; asidanganywe kwamba kazi ile haina thamani. Mchoraji asiyeijua bei ya jasho lake atapangiwa na wengine, nao hawatampendelea.