TAA ZA KUMFICHA MVUNJA SHERIA

Mji wa Babati uko njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha hugawanyika mjini humo, tawi moja likielekea Kondoa na Dodoma, na jingine Katesh na Singida. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, wananchi walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Lakini barabara hiyo haikujengwa kwa ajili ya magari peke yake. Hutumiwa pia na mwanafunzi aendaye shule, mama apelekaye mboga sokoni, na mfugaji na ng'ombe wake.

Ni kwa ajili ya watu hao Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi, na kilometa 80 kwa mabasi na malori makubwa hata nje ya miji. Sheria hiyo si ngeni. Lililo geni ni vyombo vya kuisimamia: kamera za askari, ambazo wananchi wamezibatiza jina la "tochi", na vifaa vya kufuatilia mwendo wa mabasi.

Jambo la kusikitisha ni namna baadhi ya wananchi walivyovipokea vyombo hivyo. Dereva akiisha kuwapita askari, huwawashia taa wenzake wanaokuja ili wapunguze mwendo kwa muda, kisha wakimbie tena. Abiria nao hunung'unika basi likienda kwa kilometa 80, na dereva akikamatwa, humlaumu askari. Mwenendo huo huitwa utu. Kwa hakika ni kumficha mtu anayehatarisha maisha ya wengine, na mara nyingi anayefichwa ndiye aliyewabeba hao wanaomficha.

Hesabu yake ni rahisi, na mwalimu yeyote aweza kuiandika ubaoni. Kutoka Babati hadi Arusha ni kilometa 170 hivi. Basi liendalo kilometa 100 kwa saa badala ya 80 litaokoa dakika 25 tu, nazo huweza kupotea zote kituoni likingojea abiria. Kwa upande wa pili, gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Liendalo kilometa 80 hupita mita 22. Ikiwa dereva atahitaji sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, mita hizo nane za ziada zaweza kuwa ndizo alipokuwa amesimama mtoto. Na nguvu ya gari hilo linapogonga huwa imezidi mara mbili na nusu.

Taifa linazijua huzuni za barabarani. Tarehe 12 Aprili, 1984 lilimpoteza Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, katika ajali ya gari. Tarehe 6 Mei, 2017, katika wilaya jirani ya Karatu, basi la shule lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Kila ajali ina sababu zake, na si zote ziletwazo na mwendo. Lakini mwendo ni sababu moja ambayo dereva anaiweza kwa mguu wake mwenyewe.

Hata hivyo, malalamiko yote yasipuuzwe. Alama za mwendo hazina budi kuonekana wazi, na kazi ya askari ni kuzuia kosa kabla ya kulitoza faini. Madereva wa mabasi walipogoma mwezi Aprili 2015, walidai pia mikataba ya ajira. Dai hilo lilikuwa la haki, kwani dereva asiye na mkataba, ambaye riziki yake inategemea idadi ya safari, hushawishika kukimbia. Mwenye basi anayepanga ratiba isiyowezekana ni mshiriki wa kosa.

Aidha, watumishi wa umma wanapaswa kujitazama. Gari la Serikali likipita katikati ya mji kwa kasi, na afisa aliyeketi kiti cha nyuma akanyamaza, wananchi hujifunza kwamba sheria ni ya wanyonge. Hakuna semina ya usalama barabarani itakayofuta somo hilo. Afisa huyo ana uwezo wa kumwambia dereva wake neno moja tu: punguza.

Desturi ya kuwashiana taa haina haja ya kufa, inahitaji kugeuzwa. Dereva aliyeona ng'ombe barabarani, daraja lililoharibika, au watoto wanaovuka baada ya masomo, na amwashie taa mwenzake. Huo ndio utu. Lakini taa inayowashwa ili mvunja sheria aponyoke, mwanga wake humwacha gizani mtoto anayengojea kuvuka.