Trekta kuukuu isiyoinua jembe ni mtaji uliolala

Trekta ndogo zilizotumika, zile za hosipawa 15 hadi 25 ambazo mkulima wa bustani au wa majaruba anaweza kuzimudu, hazikwamishwi na ubovu wa injini peke yake. Zipo zinazoachwa chini ya mwembe injini ikiwa bado nzima, kwa sababu mfumo wa kuinua jembe umekufa, au haukuwepo tangu mwanzo na dereva hutumia wenzo wa mkono. Kwa wakulima wa Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na kandokando ya Ziwa Victoria, kuzifunga trekta hizo mfumo wa haidroliki ni njia nafuu na ya haraka kuliko kusubiri trekta mpya. Kazi hiyo inaweza kufanyika hapa hapa Mwanza, na inastahili kuungwa mkono na Serikali.

Tupige hesabu. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa takriban mita 64. Trekta inayovuta jembe la upana wa sentimita 30 hupita zaidi ya mara 200 kuimaliza, na kila inapofika mwisho wa shamba jembe litoke ardhini, trekta igeuke, jembe lishuke tena. Jembe la kilo 50 likiinuliwa mara 200, dereva ameinua tani 10 kwa ekari moja. Wenzo humpunguzia uzito wa kila mvuto, lakini haupunguzi kazi yenyewe. Ndiyo maana kufikia mchana jembe haliinuliwi tena vizuri, kona zinaachwa bila kulimwa, na mvua za kwanza zinapita mbegu ikiwa bado ghalani. Kwa injini, kuinua kilo hizo 50 nusu mita kwa sekunde mbili hakufikishi hata robo ya hosipawa moja. Tunamchosha mtu kwa kazi ambayo mashine isingeihisi.

Faida haiishii kwenye jasho la dereva. Harry Ferguson, mhandisi wa Ireland Kaskazini ambaye jina lake tunaliona hadi leo kwenye trekta za Massey Ferguson, aliingiza sokoni mwaka 1936 trekta iliyoshika jembe kwa mikono mitatu na kuliinua kwa haidroliki. Jembe lililokuwa likikokotwa nyuma kama mkokoteni likawa sehemu ya trekta, na uzito wake ukakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Trekta nyepesi ikaweza kulima palipohitaji trekta nzito. Mkulima anayejua udongo mweusi wa mbuga, unaonata mvua ikinyesha na kuwa mgumu kama tofali ukikauka, anaelewa thamani ya gurudumu lisiloteleza.

Vifaa si vya ajabu. Vinahitajika pampu, tangi la mafuta, vali ya kuongoza, silinda, hosi na fremu ya chuma ya kushika mikono ya kuinulia. Pampu ya stelingi ya gari, ikizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, inaweza kutosha kwa trekta ndogo. Silinda yenye kipenyo cha milimita 50, mafuta yakiwa na mgandamizo wa baa 70, husukuma kwa nguvu ya takriban kilo 1,400, kiasi kinachobakiza akiba kubwa hata fremu ikila sehemu yake. Mafundi wanaotengeneza tipa na mitambo ya migodini Kanda ya Ziwa hushughulika na sili, vali na hosi za aina hiyo kila siku.

Pingamizi la kwanza ni usalama, na ni la haki. Hosi yenye tundu dogo kama la sindano hurusha mafuta yanayopenya ngozi. Jembe likining'inia nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na trekta inaweza kubinuka. Lakini hatari hizi zina dawa inayojulikana: vali ya kupunguza mgandamizo, hosi zilizopimwa, vyuma vya uzito mbele, na mwiko wa mtu kuingia chini ya jembe lililoinuliwa. Ni hoja ya kuweka viwango, si ya kukataza. Vivyo hivyo kwa mafuta yanayovuja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kinga ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na trekta inayovuja haina ruhusa ya kuisogelea.

Wengine watasema fedha zielekezwe kwenye mashine mpya. Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilisambaza pawatila mpya wilayani, na malalamiko ya udongo mzito, spea na mafundi yakafuata muda si mrefu. Upya wa mashine haukutibu tatizo la mashine isiyoendana na shamba wala isiyo na fundi jirani. Mashine mpya zije, lakini usiache mbachao kwa mswala upitao. Na kwa anayesema plau ya ng'ombe inatosha, inatosha kweli kwa mwenye ng'ombe wenye afya msimu unapoanza. Asiye nao husubiri zamu, na mvua haisubiri.

Kinachokosekana ni mpangilio. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kule Arusha, itoe mchoro mmoja uliojaribiwa, SIDO iwape mafundi wa Mwanza vifaa vya kuutekeleza, na VETA iingize haidroliki ya zana za kilimo katika mafunzo ya muda mfupi. Halmashauri nazo, kupitia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zivikubali vikundi vinavyoomba fedha za kufufua trekta kama zinavyovikubali vinavyoomba pikipiki. Mipango hiyo ianze kabla ya vuli, ili msimu ukifika trekta ziwe shambani.