Mcheza Kwao na Atunzwe

Jioni, shule zinapofungwa, vichochoro vya Jangwani hugeuka barabara kuu. Magari yapitayo humo hayana bima wala leseni, lakini yana madereva hodari. Moja ni chupa ya maji iliyolazwa, magurudumu yake ni vifuniko vya soda na ekseli yake ni njiti ya mshikaki. La pili limesukwa kwa waya, limevishwa magurudumu yaliyokatwa kutoka kandambili kuukuu, na usukani wake ni waya mrefu unaomwezesha dereva kuliongoza huku akilikimbilia kwa nyuma. Mara mojamoja hutokea gari la tatu, na hilo huwakusanya watoto wa mtaa mzima. Lina mota ndogo iliyong'olewa katika redio kaseti mbovu, betri mbili zilizofungwa kwa mpira, na swichi mwishoni mwa waya. Hilo halisukumwi. Linakwenda lenyewe.

Mtu mzima apitaye hulitazama gari hilo, akatabasamu, akaenda zake. Pengine kesho yake mtoto hulibeba shuleni ndani ya mkoba. Likionekana, hunyang'anywa na kufungiwa kabatini kwa kosa la kuleta michezo darasani, kisha mwalimu huugeukia ubao na kuendelea na somo la siku: nguvu, mwendo na mashine rahisi. Somo lenyewe limo kabatini. Ubaoni imebaki picha yake.

Si walimu wote wafanyao hivyo, lakini wafanyao hivyo ni wengi kiasi cha kutosha kuitia nchi hasara. Kosa hilo halitokani na ubaya wa mwalimu. Linatokana na imani ya siku nyingi kwamba mchezo ni adui wa masomo, na kwamba elimu ni ile tu inayoandikwa na kufutwa. Imani hiyo haina budi kupimwa upya, hasa sasa ambapo Taifa limeamua kurudisha mafunzo ya kazi za mikono katika shule zake.

Wenzetu wa nchi nyingine waliupa mchezo huo heshima mapema. Mwaka 1932, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umedorora na kazi za useremala zimekuwa haba, fundi mmoja wa mji mdogo wa Billund nchini Denmark, Ole Kirk Christiansen, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao. Jina aliloipa kazi yake, Lego, lilitokana na maneno ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Mwaka 1958 kampuni hiyo iliomba hataza ya tofali la plastiki linaloshikana na jenzake bila gundi wala msumari. Mwaka 1977 ilitoa seti zenye gia, ekseli na vyuma bandia vya plastiki ambavyo kwavyo mtoto huweza kujenga gari lenye usukani. Mwaka 2007 ikatoa mfumo mpya wa mota, masanduku ya betri na rimoti. Leo mtoto wa Ulaya hukaa sakafuni na vipande mia kadhaa, akainuka na gari alilolijenga kwa mikono yake, nalo likazunguka chumba kizima kwa amri ya kidole chake.

Lakini fahari ya jambo hili si ya Ulaya peke yake. Mtaalamu aliyeeleza vizuri zaidi thamani ya michezo hiyo alizaliwa Afrika. Naye ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria wa mwaka 1928, aliyepata baadaye kuwa profesa wa hisabati nchini Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, alisimulia jinsi alivyovutiwa na magari tangu utoto, jinsi alivyochezea gia, na jinsi gia hizo zilivyomsaidia kuelewa jedwali la kuzidisha na baadaye milinganyo. Jina la kitabu hicho ndilo lililopewa seti za matofali yenye kompyuta ndani yake zilizoanza kuuzwa mwaka 1998. Kwa hiyo mchezo ule uliosambaa duniani ulichota mawazo ya mtoto wa Kiafrika aliyekuwa akizungusha gia, na ambaye hakuna mtu mzima aliyemnyang'anya.

Ubora wa gari la matofali hauko katika plastiki yake. Uko katika mambo matatu: vipande vyake vina vipimo, vinaweza kufunguliwa na kujengwa upya, na kila kosa la mjenzi huonekana papo hapo. Gari likigoma, mtoto huulizwa na gari lenyewe kwa nini limegoma. Mambo hayo matatu yanaweza kupatikana Jangwani, kwa waya na vifuniko, endapo atakuwapo mtu mzima wa kuyasimamia.

Ichukuliwe mota ile ya redio kaseti, na ikadiriwe kwamba huzunguka mara 5,000 kwa dakika. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 7 lina mzingo wa sentimeta 22. Mtoto akiliunganisha gurudumu moja kwa moja na mota, hesabu inasema gari litakwenda meta 1,100 kwa dakika, yaani kilometa 66 kwa saa, mwendo wa daladala iliyopata barabara tupu. Kwa kweli halisogei hata kidogo. Mota hulia, betri hupata moto, na gari hubaki palepale, kwa sababu mota ndogo ina mbio nyingi na nguvu haba. Sasa iwekwe gia yenye meno 8 kusukuma gia yenye meno 40. Mota itazunguka mara tano ili gia kubwa izunguke mara moja: mbio zimepungua mara tano, na nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu mara tano, ikipunguzwa kidogo na msuguano. Ikiongezwa jozi ya pili kama hiyo, uwiano unakuwa 25 kwa 1. Gurudumu linazunguka mara 200 kwa dakika, na gari linakwenda meta 44 kwa dakika huku likipanda tuta la mchanga.

Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa uwiano. Ameununua kwa jasho.

Kuna somo la difu pia. Watoto wa Jangwani wanajua kwamba gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yamekazwa katika ekseli moja huburuza gurudumu linapokata kona. Sababu yake inapimika. Kama magurudumu mawili yameachana kwa sentimeta 14, basi katika kona ya robo duara gurudumu la nje husafiri sentimeta 22 zaidi ya lile la ndani. Kwa gari lile lenye gurudumu la kipenyo cha sentimeta 7, huo ni mzunguko mmoja kamili. Ndiyo maana gari kubwa lina difu, ili gurudumu la nje lizunguke zaidi bila kumburuza mwenzake. Fundi wa Gerezani anaijua difu kwa mikono. Mwalimu wa hisabati anaijua robo duara kwa chaki. Watu hao wawili hupishana kila siku katika mtaa mmoja bila kusalimiana kwa habari ya kazi zao.

Hata rimoti si uchawi. Magari ya kuchezea ya bei nafuu yanayouzwa Kariakoo aghalabu hutumia mawimbi ya redio ya megahezi 27. Watoto wamekwisha kugundua kwamba magari mawili ya namna moja yakichezwa pamoja, rimoti ya huyu hulipindisha gari la yule, na ugomvi ukazuka. Ugomvi huo ni mlango wa somo la masafa ya redio, ambalo wanafunzi wengi wa sekondari hulikariri bila kuliona. Na gari hilo likiharibika, kama yanavyoharibika upesi, ndani yake hubaki mota mbili, moja ya kuendesha na moja ya kupinda, pamoja na gia, swichi na kipokezi. Kwa wengi hizo ni takataka. Kwa shule ni stoo.

Hapa ndipo Jangwani ilipo na bahati kuliko vitongoji vingi. Upande mmoja lipo soko la Kariakoo na mafundi wake wa redio na simu. Upande mwingine ipo Gerezani na mafundi wake wa vyuma na vipuri. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo historia yake ilianza mwaka 1957, iko umbali wa kutembea kwa miguu. Bonde la Msimbazi, ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha wakazi wengi hadi Mabwepande, bado hupokea chupa za plastiki za jiji. Malighafi ipo, mafundi wapo, wasomi wapo, na watoto wenye hamu wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha.

Wazo hilo si geni katika nchi hii. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akidai kwamba kujifunza na kufanya kazi visitenganishwe. Lakini katika shule nyingi maana ya andiko hilo ilipunguzwa hadi ikabaki jembe na ufagio, na mara nyingine vikatumika kama adhabu. Karakana ilisahauliwa. Nchi hiyohiyo, kupitia kituo cha Nyumbu huko Kibaha, ilithubutu katika miaka ya 1980 kujenga malori yake yenyewe. Mwaka 2024 mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu, na mkondo wa amali ukafunguliwa katika baadhi ya shule za sekondari. Fursa imerudi. Isipotezwe kwa njia ileile.

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni ya ofisini: kununua seti za fahari kutoka ng'ambo, kuzipiga picha siku ya kuzipokea, kisha kuzifungia katika ofisi ya mkuu wa shule zisije zikapotea vipande. Tofali lililofungiwa halimfundishi mtu. Ya pili ni ya kwenye majukwaa: kusifu ubunifu wa mtoto maskini, kumpigia makofi na gari lake la waya, kisha kumwacha na waya wake. Makofi hayana meno wala uwiano. Mtoto yule hakuomba sifa. Alihitaji gia ya pili, na mtu wa kumweleza kwa nini.

Wapo watakaosema kwamba mtihani hauulizi magari ya kuchezea. Mtihani huuliza uwiano, mzingo, msuguano na sakiti za umeme, na vyote hivyo vimo ndani ya gari moja. Wapo watakaosema kwamba darasa lina wanafunzi wengi mno. Hilo ni kweli, lakini gari moja kwa watoto kumi, linalofunguliwa na kufungwa na kila mmoja kwa zamu, linafundisha kuliko mchoro mmoja kwa mia. Wapo pia watakaotaja usalama. Nao wanasema kweli: kanuni iwe betri ndogo za volti moja na nusu peke yake, na umeme wa ukutani usiguswe kamwe.

Yanayotakiwa si makubwa. Mwalimu afungue kabati na kurudisha magari yaliyotwaliwa, kisha amwombe kila mwenye gari aeleze mbele ya wenzake jinsi lilivyojengwa. Shule iwe na sanduku la vipuri vya redio na magari mabovu. Mkuu wa shule amwalike fundi wa Gerezani mara moja kwa muhula, tena amlipe nauli na kumpa heshima ya ualimu. Mthibiti ubora wa shule, anapokagua maandalio ya masomo, aulize pia wanafunzi wamejenga nini. Na ofisa wa halmashauri anayeidhinisha ununuzi wa vifaa aulize swali moja kabla ya kutia saini: je, mtoto ataruhusiwa kukifungua?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Jangwani anacheza kwao kila jioni, wala hajachoka. Zawadi anayoistahili ni mwalimu atakayeinama mchangani kando yake, akahesabu naye meno ya gia.