Panya Mwenye Pua ya Chuma na Rafu Tupu za Kusini

Katika kila hafla ya elimu niliyohudhuria upande wa kusini, kuanzia Kibiti hadi Lindi mjini, sentensi moja haikosi kutamkwa, na kwa kawaida hutamkwa na mtu aliyeketi meza kuu: vijana wetu hawapendi kusoma. Hutamkwa kwa masikitiko, kama tabibu anayetaja maradhi ya kurithi. Ukumbi hutikisa vichwa, chai huletwa, shughuli huendelea. Naipinga sentensi hiyo. Inawaonea vijana, na juu ya hayo inawasitiri watu wazima.

Tulitazame jambo ambalo wapenzi wa vitabu katika miji mikubwa hulifanya kila mwezi bila hata kulitafakari, yaani kumgundua mwandishi mpya. Mtu huingia dukani akitafuta kitabu kimoja, hukikosa, macho yake huangukia jalada la jirani yake, husoma kurasa tatu akiwa wima, kisha hutoka na mwandishi ambaye asubuhi ile hakujua kwamba yupo duniani. Ugunduzi wa namna hiyo hauhitaji kipaji cha msomaji. Unahitaji rafu, muuzaji asiyemfukuza mtu anayesoma bila kununua, na mahali pa kusimama. Mkazi wa Dar es Salaam anapo pa kwenda: duka la TPH katika Mtaa wa Samora, A Novel Idea kule Slipway, Soma Book Café kule Mikocheni. Si mengi kwa jiji la mamilioni ya watu, lakini yapo, na kila moja lina tabia yake na wateja wake wanaolipenda kama mtu anavyoupenda mkahawa wake.

Sasa vuka Mto Rufiji. Katika miji midogo ya pwani, kinachoitwa duka la vitabu ni duka la madaftari, kalamu, rula, sare za shule na vitabu vya kiada, vikiwa nyuma ya kaunta, na muuzaji akikuuliza unataka cha darasa la ngapi. Hapo hakuna kugundua, kuna kuagizwa. Anionyeshaye rafu moja ya riwaya iliyo wazi kwa mkono wa mpita njia baina ya Kibiti na Mingoyo, nitamshukuru na nitaitangaza hapa kwa herufi kubwa. Mwezi Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini pale Somanga, tulisikia habari za malori ya mafuta na vyakula yaliyokwama. Sikusikia habari ya gari lililobeba riwaya.

Nina mwanafunzi, mzaliwa wa Kilwa Masoko, mwenye daftari ambalo kila mwezi huandikwa majina ya waandishi aliowapata kwa mara ya kwanza. Anapenda fantasia: falme zisizokuwepo, majini, bahari zinazosema. Amewapata wengi kwa simu, kwa nakala zisizo halali zenye kurasa zilizokosekana, kwa vitabu vya kuazima vilivyopita mikono minane. Katika daftari hilo yumo Nnedi Okorafor. Yumo Sofia Samatar, binti wa baba Msomali, aliyeandika rasimu ya kwanza ya *A Stranger in Olondria* alipokuwa akifundisha Yambio, Sudan Kusini, na ambaye kitabu hicho kilimpatia Tuzo ya Fantasia ya Dunia mwaka 2014. Yumo Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, ambaye *The House of Rust* yake ya mwaka 2021 inamsimulia binti anayeingia baharini kwa chombo cha mifupa, akiandamana na paka msomi, kumtafuta baba yake mvuvi. Mwaka 2022 kitabu hicho kilitwaa Tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Bahari ni yetu, mvuvi ni wetu, paka yule pia ni wetu, maana kila aliyekulia kwenye vichochoro vya mji wa pwani anamjua. Lugha ni Kiingereza, na mchapishaji yuko Marekani.

Huyu ndiye kijana asiyependa kusoma.

Aliniuliza kwa nini sisi hatuna fantasia yetu. Swali hilo linapaswa kuwaaibisha walimu wa fasihi wote, maana aliliuliza mtu aliyezaliwa umbali wa mashua fupi kutoka kisiwa ambacho kitabu chake cha kale huanza kwa ndoto. *Kitab al-Sulwa*, tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inaeleza kwamba mtawala mmoja wa Shirazi aliota panya mwenye pua ya chuma akiutoboa ukuta wa mji. Akaifasiri ndoto kuwa nchi yake itaangamia. Yeye na wanawe sita wakapanda majahazi saba, kila jahazi likashika njia yake, na moja likafika Kilwa. Mwenye kisiwa akakubali kukiuza kwa kipimo kimoja: nguo ya kutosha kukizunguka. Alipokwisha kupokea nguo akavuka bara, akiwa na nia ya kurudi na watu wake kukitwaa tena. Lakini wageni walikwisha kuchimba mkondo ambao zamani watu waliuvuka kwa miguu maji yakitoka. Akasimama pwani akingoja maji yapwe kama ilivyo ada. Maji hayakupwa.

Wanahistoria wana haki ya kubishana kuhusu Washirazi hao, na wamebishana vya kutosha. Akiolojia haitegemei ndoto ya panya. Mimi nazungumzia usanii. Hadithi yenye panya wa chuma, ardhi inayopimwa kwa nguo na bahari inayokataa kupwa ni fantasia kamili, imeandikwa hapa, kabla hata ya Shakespeare kuzaliwa. Nakala ya Kiarabu iliyonusurika iko London, katika Maktaba ya Uingereza. Sultani Barghash alimpa Balozi John Kirk, na matini yake yalichapwa Uingereza mwaka 1895. Nimesikia mara nyingi, bungeni na vijiweni, madai kuhusu mjusi wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na sasa anasimama Berlin akiwa na urefu unaozidi mita 13. Madai hayo nayaunga mkono. Kuhusu kitabu cha Kilwa sijasikia hata swali. Wala sidai jahazi likakilete. Nadai toleo la Kiswahili, jembamba, la bei ya chini, liwepo palepale Kilwa Masoko mgeni anapokatia kibali cha kuvukia Kisiwani, na liwepo katika kila shule ya sekondari ya mkoa, kwenye rafu ambayo haijafungwa kwa kufuli. (Wanaojua makabati ya vitabu ya shule zetu wanajua kwa nini nataja kufuli.)

Na si kitabu hicho peke yake. Mwaka 1907 Velten alichapa Ujerumani habari za kale za miji ya pwani hii kwa Kiswahili, Lindi na Sudi zikiwamo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia utenzi Vita vya Maji Maji, vita ambavyo kiini chake ni dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na Whiteley akauhariri na kuutoa upya mwaka 1957. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa katika pwani hiihii mwaka 1943, aliichukua dawa hiyo akaiandikia *Kinjeketile* mwaka 1969, akitupa swali zito kuliko la risasi: nini humpata mtu neno lake likishakuwa kubwa kuliko yeye? Miaka miwili baadaye, katika *Mashetani*, alimkutanisha Shetani na Binadamu chini ya mbuyu, na wasomi hadi leo hawajamaliza kuugombania mbuyu ule. Mwandishi huyo ni wa hapa. Mkoa unaomzaa mtu kama huyo kisha ukamfahamu kama jibu la mtihani wa Kidato cha Sita tu, umejinyima.

Wapo watakaoniambia kwamba fantasia ni mchezo wa watoto, au ya kigeni, au, kama alivyosema ofisa mmoja katika kikao nilichohudhuria, ni kueneza ushirikina. Kwa hoja ya kwanza na ya pili namleta Shaaban Robert. Huyu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni karibu maisha yake yote ya kazi. Watumishi wa umma wanaonisoma wamfikirie hivyo, kama mwenzao wa ofisini. Alipotaka kusema kuhusu utawala unaowafunga wenye kuleta maarifa, hakuandika risala. Alibuni nchi inayoelea angani, akaiita *Kusadikika*, na akaichapa mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru. Katika nchi hiyo wajumbe sita walitumwa pande sita kutafuta lenye manufaa, na kila aliyerudi na jema alitupwa gerezani. Ni vigumu kumshitaki mtu kwa kuitukana nchi isiyo kwenye ramani. Kwa hoja ya tatu, namleta Euphrase Kezilahabi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kuwa mganga wa kienyeji, na ambaye katika *Nagona* na *Mzingile*, mnamo 1990 na 1991, aliuacha uhalisia uliompa jina akaingia katika dunia ya mizimu na mafumbo kwa sababu uhalisia haukumtosha tena. Said Ahmed Mohamed alifuata njia jirani katika *Babu Alipofufuka* mwaka 2001, na Kyallo Wamitila katika *Bina-Adamu!* mwaka 2002. Hizo mbili zilichapwa Nairobi. Sina ugomvi na Nairobi. Nina ugomvi na sisi tulioliacha soko letu likanyauka.

Lilinyauka kwa njia inayoeleweka. Mchapishaji wa nchi hii kwa miaka mingi aliishi kwa kitabu cha kiada, na faida yake ndogo ndiyo iliyogharimia riwaya isiyo na uhakika wa kuuzika. Kitabu cha kiada kiliporudishwa mikononi mwa taasisi ya serikali, mguu huo ulikatwa. Nakubali kwamba makosa yaliyojaa katika baadhi ya vitabu vya wachapishaji binafsi yalikuwa aibu, na serikali ilikuwa na sababu ya kuchukizwa. Lakini haikuweka chochote mahali pa mguu ule. Muuzaji wa vitabu wa mkoani, aliyekuwa akipata riziki kwa kiada na kuchomeka riwaya mbili tatu pembeni, naye akabaki na madaftari. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ni hatua ya heshima. Hata hivyo, tuzo humfikia mwandishi. Msomaji wa Kivinje anasikia jina la mshindi redioni, na hapo ndipo safari yake na kitabu hicho huishia.

Ataniambia mtu kwamba kusini hakuna fedha za vitabu. Mwenye hoja hiyo hajawahi kuwa Lindi msimu wa ufuta au wa korosho. Mnada ukishafanyika na wakulima wakishalipwa, wachuuzi hufurika na pikipiki, magodoro, spika, paneli za umeme wa jua, vitenge vya kila rangi. Mfanyabiashara hasubiri utafiti wa utamaduni wa kununua magodoro. Anayaleta, anayapanga barabarani, watu wanayaona, wanayataka. Vitabu havijawahi kupewa nafasi hiyo ya kutamanisha, kisha tunawalaumu watu kwa kutovitamani. Nako kusema kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni ni kumpa kijana bando badala ya maktaba. Simu humletea kile ambacho tayari kimeuzwa kwa wengi kwingineko, na ndiyo maana mwanafunzi wangu alimfahamu kila bingwa wa fantasia wa Marekani kabla hajamfahamu panya wa Kilwa.

Fedha zipo hata upande wa umma. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyohiyo ya Kilwa, inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam na kuwasha taa za jiji, zikiwemo zile za maduka ya vitabu niliyoyataja. Halmashauri inapokea ushuru wa huduma. Tunaonyeshwa madarasa na madawati, nayo ni mema, nami sidharau dawati. Lakini nikisoma habari ya yule mwenye kisiwa aliyehesabu nguo zake akaridhika, kisha akasimama ng'ambo akingoja maji yapwe, siwezi kuisoma kama hadithi ya karne ya 16.

Kwa madiwani na maofisa watakaoketi kwenye kikao kijacho cha bajeti, ombi langu ni chumba kimoja Kilwa Masoko na kimoja Lindi mjini, kila kimoja kikiwa na rafu zisizo na milango, na posho ya mtu mmoja anayependa vitabu, ambaye hatauliza mtu yuko darasa la ngapi. Atafutwe muuzaji binafsi apewe chumba bila kodi kwa miaka mitatu kwa sharti kwamba nusu ya rafu zake zisiwe za kiada. Wachapishaji wa Dar es Salaam wampe vitabu kwa mali kauli, alipe vikiuzwa. Mabasi ya kusini yanapita Nangurukuru kila siku na yanabeba vifurushi vya kila aina. Rafu ya kwanza ianze na *Kusadikika*, *Adili na Nduguze*, *Mashetani*, *Nagona*, *Babu Alipofufuka*, *Bina-Adamu!*, na *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, yuleyule aliyempeleka Gurnah kwa Waswahili katika *Peponi*. Pembeni yake iachwe nafasi tupu, yenye upana wa kitabu kimoja chembamba, kwa ajili ya habari za Kilwa. Mwanafunzi wangu amekwisha kuniambia kwamba, ikipatikana nakala ya Kiarabu inayosomeka, baba yake mdogo, mwalimu wa madrasa, yuko tayari kukaa naye jioni waanze kuitafsiri.