Mkandarasi naye atuonyeshe daftari lake

Mfanyabiashara yeyote wa Buzuruga, awe na duka la jumla au meza ya nyanya kando ya barabara ya Musoma, anaujua msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Anajua pia kuwa daftari lisilosomwa mwisho wa mwezi halina tofauti na karatasi ya kufungia maandazi.

Wiki hii nataka tuutumie msemo huo kumpima mtu ambaye hatujazoea kumpima. Huyu ni mkandarasi. Siku ya kukabidhiwa kazi, kampuni ya ujenzi huahidi mengi: italinda mazingira, itawajali wafanyakazi, itaishi vizuri na majirani. Je, daftari la ahadi hizo liko wapi, na nani analisoma?

Tuanze na mradi tunaoujua wote. Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema, lilizinduliwa Juni 19, 2025 na Rais Samia Suluhu Hassan. Lina urefu wa kilomita 3 na limegharimu zaidi ya Sh bilioni 700, fedha za Serikali. Lilijengwa na kampuni mbili za China chini ya usimamizi wa TANROADS, baada ya jiwe la msingi kuwekwa Desemba 2019 na Rais John Magufuli. Mkulima aliyekuwa akisubiri kivuko huku mananasi yake yakiiva ndani ya lori, leo anavuka kwa dakika chache.

Katika miaka yote ya ujenzi, namba iliyosikika mara nyingi zaidi redioni ilikuwa moja, nayo ni asilimia ya ujenzi uliokamilika. Kila kiongozi aliyetembelea eneo lile alitajiwa asilimia, na sisi tukatajiwa. Wakati mwingine tulitajiwa na idadi ya ajira. Ni namba nzuri na tulizihitaji.

Lakini asilimia ya ujenzi inajibu swali moja tu: kazi imefika wapi? Haisemi ni vibarua wangapi waliumia, wangapi walilipwa tarehe waliyoahidiwa, mashimo mangapi ya moramu yamefukiwa, wala malalamiko mangapi ya majirani yamejibiwa. Hilo si kosa la mradi mmoja. Ndivyo tulivyozoea kuuliza katika miradi yote, mikubwa na midogo.

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya wahandisi na vyama vya wafanyakazi, mkulima na muuza duka yanawahusu nini? Kwa mtazamo wangu yanawahusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Katika uchumi, gharama haipotei. Ikiwa haipo kwenye vitabu vya mkandarasi, basi ipo kwenye vitabu vya mtu mwingine. Kibarua akicheleweshewa ujira kwa wiki tatu, mama lishe aliyemkopesha wali na maharage naye anakosa fedha ya mchele kwa wiki tatu, na aliyemuuzia mchele anasubiri. Deni la kampuni limegeuka kuwa deni la mtaa mzima, bila riba na bila mkataba.

Vivyo hivyo kwa vumbi. Gari la maji lisipopita kumwagia barabara ya udongo, mkandarasi ameokoa dizeli. Mwenye mchicha kando ya barabara amepoteza wateja, kwa sababu hakuna anayenunua mboga yenye rangi ya udongo. Shimo la moramu likiachwa wazi, mvua inalijaza, mbu wanazaliana na mtoto anaweza kuzama.

Kwa mkulima kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Kanda yetu hupanda pamba kuanzia katikati ya Novemba, na palizi hufuata. Mradi mkubwa ukianza kuajiri wakati huo, vijana huacha jembe na kwenda kwenye koleo la zege, na gharama ya kupalilia ekari moja hupanda. Hilo si baya, kwani kijana ana haki ya kufuata ujira bora. Ubaya unakuja pale ujira wenyewe usipolipwa kwa wakati. Familia inakuwa imekosa palizi na imekosa fedha.

Jirani zetu wa Uganda walijifunza kwa machungu. Desemba 2015, Benki ya Dunia ilifuta fedha ilizokuwa inatoa kwa mradi uliohusisha barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, yenye urefu wa kilomita 66 hivi. Wananchi walikuwa wamelalamika, na miongoni mwa tuhuma nzito zilikuwa za wafanyakazi wa ujenzi kuwanyanyasa kingono wasichana wadogo. Mradi ulikuwa na ahadi za kulinda jamii. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifuatilia ahadi hizo kila mwezi na kupaza sauti mapema.

Baada ya hapo benki hiyo ilileta utaratibu mpya wa mazingira na jamii, ulioanza kutumika Oktoba 2018. Nchi inayokopa sasa hutakiwa kuwa na mpango wa ahadi wenye tarehe, masharti ya kazi kwa vibarua, na njia ya wananchi kuwasilisha malalamiko. Jambo hili si la mbali nasi. Mradi wa TACTIC wa kuboresha miji 45 nchini, ambao Ilemela imo, unajengwa kwa mkopo wa benki hiyohiyo. Kwa hiyo mwananchi wa Buzuruga anayeuliza habari za vumbi au ujira katika mradi wa namna hiyo haombi hisani.

Sasa tuone kampuni makini inavyopima. Kwanza, haiandiki "tutajali usalama". Inaandika tulipo leo, tunapotaka kufika, lini, na nani anawajibika. Lengo lisilo na mambo hayo manne ni salamu tu za mwaka mpya.

Pili, inapima kwa uwiano. Chukua mfano wa kubuni wa kampuni mbili. Ya kwanza ina wafanyakazi 200, kila mmoja anafanya kazi saa 45 kwa wiki, kwa wiki 50. Hizo ni saa 450,000. Katika mwaka waliumia watu 9 kiasi cha kushindwa kurudi kazini kesho yake. Ya pili ina wafanyakazi 40, saa 90,000, na waliumia 3. Ukiangalia idadi peke yake, ya pili ni bora. Ukigawanya kwa saa za kazi, ya kwanza ina ajali 20 kwa kila saa milioni moja, ya pili ina 33. Aliyeonekana mwema ndiye mwenye hatari zaidi.

Ni hesabu ileile ya shambani. Mwenye magunia 30 kwa ekari 5 hawezi kumcheka mwenye magunia 20 kwa ekari 2.

Tatu, kampuni makini haifurahii sifuri haraka. Bango linalosema "siku 300 bila ajali" linaweza kuwa na maana mbili: hakuna aliyeumia, au aliyeumia ameambiwa anyamaze ili wenzake wasikose bonasi. Ndiyo maana wanaojua kazi huhesabu pia ajali zilizonusurika, kama tofali lililoanguka bila kumpata mtu. Eneo la kazi lenye taarifa nyingi za kunusurika na majeruhi wachache linaaminika kuliko lile lisilo na taarifa yoyote.

Upande wa mazingira mambo ni hayohayo. Dizeli hupimwa kwa lita, na kila lita moja ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Saruji hupimwa kwa tani, na kuipoteza ni hasara mara mbili, kwani viwanda vya saruji duniani vinakadiriwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Maji yanayovutwa ziwani au mtoni huhitaji kibali cha bodi ya bonde, nayo yanapimika. Mkandarasi anayepunguza mifuko ya saruji inayoganda stoo kwa kunyeshewa mvua ameokoa fedha na hewa kwa pamoja.

Wapo watakaosema haya ni ya Ulaya. Hapana, msingi wake upo kwenye sheria zetu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka eneo la kazi lisajiliwe OSHA. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au kingo za mto.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri mwenyewe na haukatwi kwenye ujira wa kibarua. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, na tangu 2022 kiwango ni asilimia 0.5. Kwa kila Sh milioni 10 za mishahara, hiyo ni Sh 50,000. Sioni mkandarasi wa kushindwa na kiasi hicho, lakini namuona kibarua aliyevunjika mguu akiuza ng'ombe wa baba yake kwa sababu hakuandikishwa.

Hapa niwatendee haki makandarasi wadogo wa nyumbani. Wengi wao hulalamika kwamba wanapima, wanakubali, lakini mwenye mradi anachelewa kuwalipa. Malalamiko hayo yana uzito. Hati ya malipo ikikaa mezani miezi minne, hata mkandarasi mwenye moyo wa dhahabu atamkopa kibarua wake. Kwa hiyo halmashauri na taasisi za Serikali nazo ziwe na mstari wao daftarini: siku ngapi zimepita tangu hati ya malipo iidhinishwe hadi fedha ilipoingia benki.

Hoja ya kwamba kupima ni ghali siikubali. Gharama kubwa ni kutopima. Mnyapara anayeandika majina kila asubuhi tayari ana nusu ya kazi. Anachohitaji ni safu nne zaidi: saa, majeruhi, tarehe ya kulipwa na malalamiko ya jirani.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mradi una bango lenye jina la mradi, mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri na muda wa kazi. Bango hilo liongezewe mistari minne inayobadilishwa kila mwezi: ajali kwa saa zilizofanyiwa kazi, siku za kuchelewa kwa ujira, mashimo yaliyochimbwa na yaliyorekebishwa, malalamiko yaliyopokelewa na yaliyojibiwa. Chaki inatosha. Namba hizo zisomwe pia kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, mbele ya mhandisi anayeweza kuulizwa.

Na sisi tusiende mikutanoni kulalamika kwa jumla. Mama lishe aende na orodha ya madeni na tarehe. Mkulima aandike siku ambazo gari la maji halikupita. Wafugaji wakubaliane mapema na mkandarasi kama shimo fulani lichongwe mteremko liwe lambo la kunyweshea ng'ombe, badala ya kusubiri aondoke ndipo waanze kulia. Kampuni inayofanya vizuri nayo itanufaika, kwa sababu itakuwa na ushahidi wa kuonyesha inapoomba kazi nyingine.

Barabara, reli na madaraja tunayahitaji ili pamba, mpunga na dagaa wetu wafike sokoni. Lakini barabara nzuri iliyojengwa kwa ujira usiolipwa na mashamba yenye mashimo imetubebesha sehemu ya bei yake bila kutuuliza. Safari ijayo mgeni rasmi akitajiwa asilimia ya ujenzi, mwananchi mmoja anyooshe mkono na kuomba kuonyeshwa namba nyingine nne.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo, mkazi wa Buzuruga, Mwanza.